Ujuzi Upo, Cheti Hakuna: Askari Wastaafu Wanaotaka Kurudi Darasani

Katika vikao vya robo mwaka iliyopita, kamati kadhaa za sharika zilituuliza kwa nini mfuko wa elimu wa dayosisi, ambao wengi wanaufahamu kuwa ni wa yatima na watoto wa kaya maskini, sasa unapokea maombi ya askari wastaafu na ya vijana waliorudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Baadhi ya wafadhili nao wameuliza hivyohivyo. Swali ni la haki. Mtu mwenye pensheni, au kijana mwenye afya njema na nidhamu ya kambini, haonekani kuwa mhitaji akilinganishwa na mtoto asiye na daftari.

Jibu letu ni kwamba mara nyingi mtu huyu hahitaji fedha nyingi. Anahitaji karatasi zilizo sahihi, aelekezwe mlango unaomfaa, na apate mtu wa kufuatana naye katika miezi michache ya mwanzo. Akivikosa hivyo, ujuzi alioupata kwa miaka 20 kwa gharama ya Taifa unaishia kwenye kiti cha mlinzi getini. Hatuidharau kazi ya ulinzi, inalisha watu wengi. Lakini fundi wa mitambo akilinda gereji badala ya kufanya kazi ndani yake, hiyo ni hasara kwake na kwa mji mzima.

Tunaowazungumzia

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ukiwa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na makao makuu yake Vwawa. Tunduma iko mpakani, mkabala na Nakonde ya Zambia, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na reli ya TAZARA zote huvuka. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa mwaka 2019, kazi zinazohusu malori na mizigo zimekuwa ndiyo uti wa mgongo wa mji. Ndiyo maana wapo wastaafu wanaochagua kuishi Tunduma hata kama si kwao, na wengine wamerudi Mbozi na Ileje kwenye kahawa na mahindi ya familia. Kila usharika una wachache. Kwa kuwa ni wachache kila mahali, hakuna anayewahesabu.

Kwa uzoefu wetu wako makundi matatu, na mahitaji yao hayafanani hata kidogo.

Kundi la kwanza ni wazee wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalitangazia Taifa vita tarehe 2 Novemba, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika miezi hiyo jeshi letu lilikua kutoka takriban watu 40,000 hadi kuzidi 100,000, wakiwamo maelfu mengi ya mgambo waliochukuliwa vijijini. Mgambo hao hawakuwa watumishi wa kudumu. Vita vilipokwisha walirudi kwenye majembe yao, na leo wana umri wa miaka 65 na kuendelea. Hawa hawaombi kwenda chuoni. Wanaomba matibabu, na wanaomba wajukuu wao wasome.

Kundi la pili ni wastaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wa miaka ya karibuni. Mtumishi wa kawaida wa Serikali hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, lakini askari wa vyeo vya chini huondoka mapema zaidi, akiwa bado na nguvu na watoto walio sekondari. Ana kiinua mgongo na pensheni, na mbele yake kuna miaka mingine 20 ya kufanya kazi. Tunaona kwamba hili ndilo kundi linalosahauliwa zaidi, na sehemu kubwa ya makala hii inalihusu.

Kundi la tatu ni vijana wa JKT. Kwa maana kamili ya neno, hawa si askari wastaafu. Mafunzo ya kujitolea yalirejeshwa mwaka 2001, na kijana hukaa kambini miaka miwili, kwa mfano Itaka wilayani Mbozi au Itende kule Mbeya. Wachache huchukuliwa katika vyombo vya ulinzi na usalama. Wengine hurudi nyumbani na kukaa wakisubiri kuitwa. Kusubiri huko ndiko kunakowaumiza. Matapeli wanalijua hilo, na JWTZ imewaonya wananchi mara nyingi kuhusu watu wanaouza nafasi za jeshi ambazo hawana. Tumekutana na wazazi waliouza mbuzi na hata shamba kwa ajili ya nafasi ya namna hiyo.

Karatasi ni tatizo la zamani

Mwezi Novemba 1918, jeshi la Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka eneo letu kuingia Rhodesia ya Kaskazini, likashambulia kituo cha Fife ambacho hakiko mbali na Nakonde ya leo, kisha likaweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Pande zote mbili zilibebewa mizigo na Waafrika. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi wa waliosalia walirudi nyumbani bila hati yoyote.

Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wengi walifika bila vyeti, na ofisa mlipaji akawapa mpini wa ufagio, mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, hakuna aliyekosea. Ni hadithi ya kufurahisha, lakini dirisha la udahili la leo halipokei ufagio.

Walioitumikia Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, wakiwamo vijana wa Tanganyika wa kikosi cha KAR waliopelekwa Burma mwaka 1944, walisubiri zaidi. Ni mwaka 2018 ndipo Serikali ya Uingereza ilipotangaza pauni milioni 12 kwa ajili ya askari wake wa zamani wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi katika umaskini. Ilikuwa hatua njema, lakini wengi wa waliostahili walikwisha kuzikwa.

Wafadhili wetu walioko Marekani watakumbuka mfano ulio tofauti. Sheria ya mwaka 1944, inayojulikana kama GI Bill, iliwasomesha askari waliotoka vitani: takriban milioni 7.8 waliitumia, na kati yao milioni 2.2 walikwenda vyuo vikuu na vyuo vingine vya juu, ilhali waliobaki walijifunza ufundi, kilimo na kazi nyingine. Hata huko askari weusi wengi walizuiwa, hasa majimbo ya kusini, si kwa maneno ya sheria bali kwa ofisi na vyuo vilivyowafungia milango. Jirani zetu Uganda walipopunguza jeshi kuanzia mwaka 1992, askari zaidi ya 30,000 walisaidiwa kurudi uraiani kwa fedha za kuanzia maisha na mabati ya kuezekea. Kwetu, mstaafu anayetaka kusoma hupita milango ileile ya raia wote. Milango hiyo ipo, tena ni mizuri kuliko watu wanavyofikiri. Tatizo ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili yake, na hakuna bango linalomwelekeza.

Anakokwama

Tuchukue mfano wa sajini aliyetengeneza malori kwa miaka 20. Elimu yake ya shule ni darasa la saba. Kozi zote za ufundi alizipata ndani ya jeshi. Anapofika Tunduma, wenye gereji wanagundua upesi kwamba anaijua injini ya dizeli, wanamwita usiku lori likigoma kwenye foleni, na wanamlipa kama kibarua. Kampuni ya usafirishaji ikitangaza nafasi ya fundi mkuu, tangazo linadai cheti cha ufundi stadi. Hana. Akienda kuomba kozi ndefu ya chuo, atakaa benchi moja na vijana wa miaka 17 wakifundishwa namna ya kushika spana. Wengi hukata tamaa hapo, na kwa kweli wana sababu.

Dereva ana shida ya namna hiyohiyo. Ameendesha malori mazito katika barabara ambazo wengi wetu hatungethubutu kuzipita kwa miguu, lakini mwajiri wa mizigo ya Lubumbashi anataka leseni ya raia ya daraja linalohusika na cheti cha chuo kinachotambulika. Mpishi wa kambi aliyepikia watu 600 kwa siku haonekani kuwa mpishi mbele ya hoteli. Mhudumu wa afya, mwashi na fundi wa redio wote wako katika hali hiyo.

Kisha kuna umri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, imeweka kikomo cha miaka 35 kwa mwombaji. Kwa mstaafu wa miaka 48 mlango huo umefungwa, na ni vema kumwambia mapema ili asipoteze muda na nauli. Kwa kijana wa JKT mlango uko wazi, ila kuna saa inayohesabu: miongozo ya bodi imekuwa ikimtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Ukitoa miaka miwili ya kambini, kisha miaka miwili ya kusubiri kuitwa, anabakiwa na mwaka mmoja. Tunawaomba wazazi wasilifumbie macho hesabu hili. Kuomba chuo hakumzuii kijana kuitikia wito wa jeshi ukija.

Milango inayofunguka

Mlango tunaoutumia zaidi kwa kundi la pili ni urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Kwa utaratibu huu, mtu aliyejifunza kazi nje ya mfumo rasmi hapelekwi kuanza upya. Hujaza fomu ya kueleza anachokijua, wapimaji humwangalia akifanya kazi yenyewe na kumhoji, hupewa mafunzo mafupi katika sehemu zile tu anazopungukiwa, kisha hufanyiwa tathmini na kupewa cheti. Ufundi magari, uashi, useremala, upishi na huduma za chakula ni miongoni mwa fani zilizohusishwa tangu mwanzo. Sajini wetu wa malori mara nyingi hupungukiwa mambo mawili: mifumo mipya ya kielektroniki ya magari, na istilahi za kuandika ripoti ya kazi. Mambo hayo ni ya majuma machache. Mtu akiwa na cheti hicho anaweza kujenga juu yake ngazi ya pili na ya tatu ya ufundi stadi akipenda.

Kwa watu wa Tunduma, shughuli za urasimishaji hupitia kwenye chuo cha VETA Mbeya, zaidi ya kilometa 100 kutoka mpakani. Kamati ikiweza kukusanya waombaji kadhaa wa fani moja kwa pamoja, ni rahisi zaidi kuzungumza na chuo kuhusu tarehe na mahali pa kupimia kuliko kila mtu kwenda kivyake. Hapa sharika zina nguvu ambayo mtu mmoja hana.

Asiye na elimu ya sekondari, na anayetaka kwenda mbali kuliko ufundi, aanze na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Husoma jioni au kwa masafa, hufanya Mtihani wa Maarifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, na akifaulu huweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia ndefu. Tunaipendekeza kwa mtu mwenye umri wa miaka arobaini na kitu aliye na utulivu nyumbani. Hatuipendekezi kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Aliyekwisha kuwa na kidato cha nne au cha sita ana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi. Hakuna bweni wala kikomo cha umri, ada hulipwa kwa kadiri mwanafunzi anavyochukua masomo, na kuna programu ya msingi kwa wale ambao alama zao hazitoshi kuingia shahada moja kwa moja. Wastaafu wenye cheo cha kati, waliozoea kusoma miongozo na kuandika taarifa, hufanya vizuri hapa. Jambo linalowashinda mwanzoni ni kompyuta. Ndiyo maana tunashauri kozi fupi ya kompyuta itangulie, hata kama mstaafu ataona aibu kufundishwa na kijana wa umri wa mwanawe. Kijana huyo naye aambiwe kwamba mwanafunzi wake ni mzee, amsalimie shikamoo kwanza, mambo mengine yatafuata.

Na kwa Tunduma kuna mlango wa pekee usiojulikana sana, nao ni cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha kinachofundishwa na Chuo cha Kodi kilicho chini ya TRA. Mji wetu unaishi kwa forodha. Mstaafu aliyefanya kazi ya stoo au ya usafirishaji jeshini amezoea hati za mizigo, hesabu na usahihi. Akipata cheti hicho anaweza kufanya kazi mita chache kutoka anakolala.

Ada si kikwazo kikubwa

Wafadhili wengi hutuuliza ada ni kiasi gani, kana kwamba ndiyo gharama yote. Katika vyuo vya VETA vya Serikali, ada ya kozi ndefu imekuwa kwa miaka mingi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kiasi hicho hakimzuii mtu mwenye pensheni. Kinachomzuia ni sanduku la vifaa, nauli za Mbeya, na zaidi ya yote chakula cha nyumbani katika miezi ambayo hafanyi kibarua.

Hapa inabidi tumtazame pia mke wa mstaafu. Amehama kambi baada ya kambi kwa miaka mingi, kila mara akiacha genge lake na kuanza upya. Mume akienda kusoma, yeye ndiye atakayeshika nyumba. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo kati yake 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha wake wa wastaafu kinaweza kuiomba kama kikundi kingine chochote, na mstaafu aliyepata ulemavu kazini anaingia katika ile asilimia 2. Tumeona kwamba masomo ya mume husimama imara pale ambapo mke ana mtaji wake.

Kuhusu kiinua mgongo tuseme wazi. Fedha hizo huja kwa mara moja, na siku hiyohiyo huja ndugu, madalali wa malori chakavu na watu wenye mpango wa biashara ya ng'ambo ya mpaka. Mchungaji au mwinjilisti akijua kwamba muumini wake anakaribia kustaafu, azungumze naye mwaka mmoja kabla. Baada ya fedha kuingia mazungumzo huwa magumu, na baada ya kwisha huwa hayana maana.

Majina, mirathi na afya

Karatasi zinazokwamisha watu wetu mara nyingi zinahusu majina. Kijana aliandikishwa jeshini kwa jina la babu, cheti cha shule kina jina la baba, na kitambulisho cha Taifa kina jina la tatu. Tena kwa Wanyiha na Wanyamwanga kuna jambo ambalo maofisa wa mikoa mingine hawalijui: jina la ukoo la mwanamume huanza kwa Si na la mwanamke kwa Na, hivyo binti wa Simwinga anaitwa Namwinga. Kwetu ni kitu cha kawaida. Mezani kwa ofisa aliyeko mbali inaonekana kama binti si mtoto wa askari huyo, na fomu inarudishwa. Hati ya kiapo inayoeleza desturi hiyo, ikiambatana na barua ya mtendaji wa kata, huokoa miezi mingi. Pale majina yanapotofautiana kabisa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa huhitajika.

Cheti cha shule kilichopotea nacho kina utaratibu wake: taarifa ya polisi, tangazo gazetini, kisha maombi kwa Baraza la Mitihani. Haina haja ya kumlipa mtu wa kati.

Wajane wana mzigo mkubwa zaidi. Ili kufuatilia mafao ya marehemu, panahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa kawaida mahakama hutaka muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao hicho kikicheleweshwa na mashemeji, mjane na watoto hukaa bila chochote. Mzee wa kanisa aliyesimama upande wa mjane katika kikao kimoja cha ukoo ametoa msaada mkubwa kuliko magunia mengi ya mahindi.

Katika ofisi za kiserikali, mahali pa kwanza pa kwenda ni kwa Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya. Huyu ni ofisa wa JWTZ, na anajua swali la mstaafu lielekezwe wapi. Wako pia wastaafu wenyewe katika Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania (MUWAWATA), ambao mara nyingi wamekwisha kupita njia ambayo mwenzao anaianza.

Afya isichukuliwe kuwa jambo la pembeni. Tanzania imepeleka askari wa kulinda amani Darfur, Lebanon na mashariki ya Kongo. Saba waliuawa Darfur mwezi Julai 2013, na 15 katika shambulio moja huko Kongo mwezi Desemba 2017. Waliokuwa pamoja nao walirudi hai, na baadhi hawalali vizuri mpaka leo. Mtu wa namna hii akiingia darasani hukaa karibu na mlango, hushtuka kitu kikianguka, hukosa vipindi bila kueleza sababu, na watu husema ni mlevi. Wakati mwingine ni kweli anakunywa, lakini pombe imekuja baadaye. Tunawaomba wachungaji wamtembelee mara kadhaa bila kumuuliza habari za vita, wamsikilize atakapoanza mwenyewe, na wasione kwamba maombi na hospitali vinashindana. Hospitali ya misheni ya Mbozi ya ndugu zetu Wamoraviani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni mahali pa kuanzia. Askari wa mizinga na mafundi wa mitambo wapimwe masikio pia kabla ya kuanza masomo. Mwanafunzi asiyesikia vizuri huhesabiwa kuwa mzito wa kuelewa.

Kamati ifanye nini

Tunaomba kila kamati iteue mtu mmoja, ikiwezekana mwalimu mstaafu au karani, awe ndiye wa kukaa na mwombaji na bahasha yake. Wapitie pamoja cheti cha kumaliza utumishi chenye namba ya jeshi, vyeti vya kozi za ndani, cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Kinachokosekana kiandikwe, na kila kimoja kipewe jina la ofisi na tarehe. Kazi hiyo ni ya saa mbili, na ndiyo inayofupisha mwaka mzima wa kuzunguka.

Kamati isiombe wala kutunza nyaraka zinazohusu shughuli za kijeshi, na isimtake mtu aeleze alikopelekwa. Kwa wafadhili wanaopenda picha, tafadhali tusiombane picha za watu wakiwa na sare. Kuvaa mavazi ya jeshi kwa asiye askari ni kosa kisheria, na mstaafu hatakiwi kuingizwa mashakani kwa ajili ya gazeti letu.

Mfuko utalipia hati za kiapo, matangazo ya vyeti vilivyopotea, nauli za kwenda kupimwa, gharama za tathmini na vifaa vya kuanzia kazi. Hautalipia watu wanaopita na madaftari wakiandikisha wazee wa Kagera kwa ahadi ya fidia. Mzee akiombwa fedha ili jina lake liingizwe katika orodha yoyote, aende kwanza kwa Mshauri wa Jeshi la Akiba akaulize kama orodha hiyo ipo.

Kuhusu muda, masomo ya kozi ndefu za VETA huanza Januari, na kwa kawaida maombi hupokelewa kati ya Agosti na Oktoba mwaka unaotangulia. Watahiniwa wa kujitegemea hujiandikisha Baraza la Mitihani mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari. Kwa hiyo bahasha zikaguliwe kabla ya mwisho wa Julai, na majina yafike ofisi ya miradi pamoja na muhtasari wa kikao cha kamati. Jina litakaloletwa Novemba litapokelewa, lakini mwenye jina hilo atakuwa amesubiri mwaka mwingine mzima.